Katuni Tuliyoiacha Katikati

Rafiki yangu alikuja dukani kwangu siku ya mvua, mtoto mgongoni, miguu imejaa tope. Nina steshenari ndogo hapa Ruangwa mjini. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nawachapia watu barua, na vijana nawajazia muvi na nyimbo kwenye flashi. Nilidhani amekuja kusalimia tu na kujikinga mvua. Nikamvutia kiti, hakukaa.

"Shoga," alisema, "mwaka huu nafanya mtihani wa kidato cha nne. Nataka unisajili, na unifundishe Kiingereza."

"Mumeo anajua?"

"Nimemwambia asubuhi akiwa anakunywa uji."

"Akasemaje?"

"Hajasema kitu. Nilimwambia, sikumuuliza."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa ametoka Narung'ombe kwa pikipiki kwenye barabara ile ya utelezi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kufikiri zamani. Basi nikafungua kompyuta kumtafutia mitihani ya miaka iliyopita. Nilichomeka diski ya zamani, ile ninayoweka vitu vyote, nikaanza kupekua. Katikati ya mafaili tukaliona faili la ile katuni. Picha yake ilikuwa pale pale, msichana mrefu na mvulana mwenye miwani wamesimama darajani, kila mmoja anatazama upande wake.

Nilipeleka mkono kulifunga. Akanishika kiwiko.

"Usifunge. Ile siyo ile?"

Ilikuwa ile.

Sisi wawili tulikulia Nachingwea, mtaa mmoja, shule moja. Mimi ni Muislamu, yeye ni Mkatoliki, baba yake alikuwa katekista. Tulipokuwa kidato cha tatu, kaka yangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam na flashi yenye katuni ya Kijapani. Vijana wa siku hizi wanaziita anime, sisi tulisema katuni tu. Jumamosi, tukishafua sare na kuzianika, tulikaa sebuleni kwetu tukaitazama kwenye televisheni. Wahusika walizungumza Kijapani, na Kiingereza kilipita chini kwa maandishi. Mimi nilikuwa nasoma haraka kuliko yeye, kwa hiyo nilimtafsiria. Pale nisipoelewa nilitunga.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Msichana yule mrefu alikuwa nahodha wa timu ya kuogelea ya shule yao, na kila kukicha alisumbuliwa na mvulana wa madarasa ya juu aliyetaka awe mpenzi wake. Amekataa mpaka amechoka. Mwishowe anamwendea kijana mpole anayetunza maktaba, mtu ambaye hajawahi hata kusemeshana naye, anamwomba wajifanye wapenzi mpaka mwaka wa shule uishe. Kijana anakubali kwa sababu haogopi kitu kama anavyoogopa kumkatalia mtu. Wanawekeana masharti. Kushikana mikono ni darajani tu, pale watu wote wanapopita. Chakula kila mtu na chake. Wakifika kona ya mwisho, kila mtu na njia yake. Na bila shaka masharti yanavunjika moja baada ya jingine, kwanza la chakula.

Tulicheka mpaka mama alikuja kuchungulia mlangoni.

Wakati huohuo, rafiki yangu alikuwa na tabu yake. Mnunuzi mmoja wa mazao, mtu mzima mwenye pikipiki, alimsubiri karibu kila siku njiani wakati wa kutoka shule. Alimwita, alimfuata polepole injini ikiunguruma, alimwambia maneno. Mama yake alikuwa amefariki tukiwa darasa la tano. Baba yake alikuwa mtu mkali, na binti hakujua angeanzia wapi kumweleza jambo kama lile. Siku moja tukiwa tunaanika sare aliniambia, "Nitafanya kama kwenye katuni."

Alimwendea mvulana mmoja wa darasa letu ambaye kwao kulikuwa njia hiyohiyo. Mvulana mwenyewe alikuwa mpole, anapenda kilimo na kuku. Akamweleza wazi: tembea na mimi kila siku, nibebee begi, tucheke kwa sauti, yule mtu aone nina mwenzangu. Hakuna kingine. Mvulana akakubali, na mambo yakaenda. Mwenye pikipiki alituangalia siku kadhaa, akatema mate, akahamia njia nyingine. Nasema alituangalia kwa kuwa mara nyingi nilikuwepo, natembea nyuma yao nikijizuia kucheka.

Hatukufikiria kwamba kuna wengine waliokuwa wanaangalia. Maneno yakafika shuleni, yakafika kwa mwalimu wa nidhamu, yakafika parokiani. Katuni tulikuwa tumeifikisha karibu na mwisho, kwenye sherehe ya shule yao, msichana anapanda jukwaani kusema kitu, umeme ukakatika. Tukasema tutamalizia Jumamosi ijayo. Jumatatu baba yake aliitwa shuleni. Mimi niliingia ofisini bila kuitwa, nikawaambia walimu na yule mzee kwamba yale yalikuwa maigizo, nikaeleza habari za mwenye pikipiki. Mwalimu wa nidhamu aliniambia nitoke kabla hajaniunganisha kwenye adhabu. Mvulana alisimamishwa masomo. Rafiki yangu alichapwa nyumbani, na kabla ya wiki kuisha alikuwa ameshapelekwa Narung'ombe kwa bibi yake mzaa mama, akalime. Shule ikaishia hapo. Baadaye akaolewa hukohuko.

Flashi ilibaki kwetu. Kaka alinikuta na kilio, hakuidai. Mwisho wa katuni sikuutazama. Ningeutazama na nani?

Sasa, mvua ikipiga bati la duka langu, yeye alikuwa ananyoosha kidole kwenye kompyuta.

"Hiyo ndiyo utanifundishia Kiingereza."

"Hapana. Hiyo ndiyo iliyokutoa shule."

"Katuni haikunitoa shule," alisema. "Walionitoa nawajua kwa sura."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Jumapili wateja ni wachache, na yeye hutoka kanisani mapema. Nilifunga duka, nikapakia kompyuta kwenye mkoba, nikachukua bodaboda mpaka Narung'ombe. Kwake wana sola ndogo inayotosha kuchaji. Tulikaa barazani, kompyuta juu ya kigoda, khanga imetundikwa kuzuia jua lisipige kioo. Kila maandishi yalipotokea nilisimamisha picha. Alisoma kwa sauti, akasema maana yake kwa Kiswahili, akatunga sentensi nyingine ya kwake kwa neno lilelile. Akikosea anarudia mwenyewe bila kuambiwa. Sehemu ambayo zamani tuliimaliza kwa nusu saa sasa ilituchukua mchana mzima.

Mumewe, mkulima wa korosho na ufuta, mtu wa maneno machache, siku za mwanzo alikaa mbali chini ya paa la jiko akichonga mpini wa jembe. Hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Jumapili ya pili alihamisha kigoda akasogea. Ya tatu alikuwa nyuma yetu.

"Shemeji," aliniuliza, "huyu kijana anampenda kweli au hampendi?"

"Anampenda."

"Mbona hasemi?"

"Anaogopa."

"Anaogopa nini, na mkono wa mtu anaushika kila siku?"

"Ameahidi kuigiza tu. Akisema ukweli atakuwa amevunja ahadi."

Alifikiri. "Huyo ni mjinga," alisema. "Lakini endelea."

Bibi naye alikuja, anatembelea fimbo, nyumba yake iko hatua chache tu nyuma. Kiswahili chake ni cha sokoni, mengi alisema kwa Kimwera na rafiki yangu akatafsiri. Kitu cha kwanza kilichomshughulisha ni macho ya wale watoto. Aliuliza ni ugonjwa gani unaovimbisha macho hivyo, na kwa nini hawapelekwi hospitali. Tulipomaliza kucheka, rafiki yangu alimweleza kisa cha katuni na jinsi yeye mwenyewe alivyokiiga. Bibi alisikiliza, huku amempakata mtoto wa kiume wa rafiki yangu, ambaye yeye humwita "mume wangu" kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu. Muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa amemlalamikia kwamba ni mume gani huyu asiyeleta hata kuni.

"Kumbe ni utani," alisema Bibi.

"Ni kama utani, Bibi."

"Sasa kama ni utani, watu wazima wanakasirikia nini?"

Rafiki yangu alibonyeza mwenyewe, picha ikaendelea.

Nilishangaa jinsi katuni ileile ilivyokuwa nyingine. Kuna sehemu msichana anakuja shule na homa, anatetemeka, kwa sababu asipoonekana darajani watu watasema wameachana, na yule msumbufu atarudi. Tulipokuwa wasichana sehemu hiyo ilituvunja mbavu, maana anapiga chafya kila anapotaka kusema neno la mapenzi. Safari hii hakuna aliyecheka. Rafiki yangu alisimamisha picha.

"Muone. Ana kazi mbili. Anasoma, na anaigiza. Zamani sikuona kama amechoka."

"Wewe ulichoka?"

"Sana. Kucheka kwa sauti njia nzima bila kuwa na cha kuchekea ni kazi, shoga."

Hakuwahi kuniambia hilo.

Msimu wa palizi ulipopamba moto nilimkuta amelala ameegemea ukuta, daftari kifuani, mikono imepasuka. Mtoto mdogo alikuwa ametoka kuugua malaria. Nikamwambia kwa upole kwamba mwakani nako kuna mtihani, hakuna anayemkimbiza. Alifumbua macho.

"Ukichoka wewe, sema," alinijibu. "Mimi usinipe mwakani. Mwakani nimepewa sana."

Nikawasha kompyuta. Jumapili iliyofuata mumewe alitukuta tukiandaa khanga ya kuzuia jua, akaweka jembe ukutani, akamwambia mkewe, "Sehemu yako ya palizi nimeimaliza. Kaa usome." Akaketi kwenye kigoda chake kama mtu aliyelipia kiingilio. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake.

Ufuta ulishavunwa tulipofika pale umeme ulipotukatikia. Sherehe ya shule, taa za karatasi zimetundikwa kila mahali, msichana anapanda jukwaani. Rafiki yangu alisoma kila neno bila kusimama, sauti imenyooka.

Msichana anasema mbele ya shule nzima kwamba wamekuwa wakidanganya, kwamba hawakuwa wapenzi, kwamba walipanga. Halafu mwalimu wao, mama mmoja mwenye mvi, anatoka mstari wa mbele na kumuuliza kwa nini. Msichana anaeleza. Anasema habari za yule msumbufu, jinsi alivyokataa na kukataa, na kila aliyemwambia alivyomjibu kwamba anapaswa kufurahi kupendwa. Watu wanasikiliza mpaka mwisho. Baada ya sherehe, kijana na msichana wanakutana maktaba, wanajitambulisha upya kana kwamba hawajawahi kuonana, na hapo ndipo kijana anasema.

"Haya!" mume alipiga kofi goti lake. "Si angesema tangu mwanzo!"

Mawazo ya rafiki yangu hayakuwa tena pale maktaba. Aliniomba nirudishe nyuma, pale kwa mwalimu. Nikarudisha. Akaniomba tena.

"Amemuuliza kwa nini," alisema. "Neno moja tu."

Akainuka akaenda kusonga ugali. Tulikula ugali wa muhogo na mbaazi, na wakati wa kunawa alisema, kama anayesema kesho kuna gulio, "Nitakwenda kwa baba. Shoga, utanisindikiza."

Tangu apelekwe Narung'ombe walikuwa wameonana misibani na kwenye harusi yake tu, salamu na basi. Tulimkuta mzee uani kwake Nachingwea, amekaa kwenye mkeka anamenya muhogo. Alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Tulimwamkia, akaitikia, akatuonyesha viti. Rafiki yangu alikaa mkekani, uso kwa uso naye.

"Baba, sijaja kugombana. Nataka uniulize."

"Nikuulize nini?"

"Ulichotakiwa kuniuliza wakati ule. Niulize kwa nini nilikuwa natembea na yule mvulana."

Kisu kilisimama. Nilidhani atamfukuza. Alitazama mlango wa nyumba, akatazama muhogo mkononi.

"Kwa nini?" alisema, sauti ya chini.

Akamwambia. Alimweleza habari za pikipiki, maneno aliyoambiwa njiani, hofu yake, mpango wake, begi lililobebwa, vicheko vya uongo. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alipomaliza, mzee alisema neno ambalo mimi sikulitarajia.

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Yule kijana alikuja hapa na mama yake. Wewe ulikuwa umeshaondoka, siku chache tu. Akanieleza hivihivi ulivyonieleza. Nilimwamini."

"Kwa nini hukunifuata, Baba?"

"Nilikuwa nimeshasema. Kanisani nimesema, barabarani nimesema, kwamba binti yangu hasomi tena. Niliona aibu kurudi nyuma mbele za watu." Alifuta kisu kwenye suruali, ingawa kilikuwa kisafi. "Mwaka ukaisha. Halafu ukaisha mwingine. Ikawa hivyo."

Mimi nilisimama. Nilitaka kumwambia mzee yule mambo ambayo si ya kumwambia mzee wa mtu. Rafiki yangu alinitazama tu, nikakaa.

"Nashukuru umesema," alimwambia baba yake. "Sasa nisikilize. Mwezi wa kumi na moja nafanya mtihani wa kidato cha nne, na kituo changu ni hapa Nachingwea. Nitakuja kukaa hapa mpaka niumalize. Nataka kile chumba changu, kitanda na meza. Mtoto mdogo nitakuja naye. Nikiwa kwenye mtihani, utamshika wewe."

"Mimi nishike mtoto?"

"Ndiyo, wewe."

Mzee alichukua muhogo mwingine. "Chumba kina magunia ya mahindi," alisema.

"Yatolewe."

Njiani kurudi Ruangwa nilimuuliza kama amemsamehe. Alikuwa ameegemea dirisha la gari, anatazama mikorosho inayopita.

"Sijui," alisema. "Kwanza nifanye mtihani."

Magunia yalitolewa. Mumewe alimpeleka mwenyewe, akambebea begi la madaftari mpaka chumbani, akarudi kuokota korosho kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi ya msimu. Siku ya mtihani wa Biolojia nilikuwa Nachingwea kununua karatasi na wino, nikapita kumsalimia mzee. Sikumkuta nyumbani. Nilimkuta barabarani, mtoto amemfunga mgongoni kwa khanga, amemfunga vibaya, mguu mmoja unaning'inia. Anatembea huku na huko kumbembeleza. Jirani mmoja, mama mtu mzima aliyekuwepo tangu enzi zile, alisimama akacheka.

"Katekista, leo umekuwa yaya?"

"Mama yake yuko kwenye mtihani," mzee alijibu, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Kidato cha nne. Leo ni Biolojia."

Yule mama akaacha kucheka. Mzee aliendelea na matembezi yake, na alipokutana na mwingine hakusubiri aulizwe. Alisema mwenyewe.

Matokeo yalipotoka, niliyasoma dukani kwenye simu, mtandao ukigoma na kurudi, wateja wangu wawili wakinisubiri na vyeti vyao vya kutolewa kopi. Niliwaambia wasubiri. Kiingereza alipata C. Kiswahili B, Biolojia na Jiografia C, Uraia C. Kemia alipata D. Hesabu alipata F, nyekundu na wazi. Nilimpigia, akapokea mumewe, nikasikia anapaza sauti shambani kumwita mkewe, nikasikia rafiki yangu akija mbio.

Nilimsomea yote. Kwenye Kiingereza alipiga kelele moja fupi.

"Umefaulu, shoga," nilimwambia. "Cheti unacho."

"Nimesikia. Hesabu nitairudia."

"Si lazima. Kuna vyuo vitakuchukua hivyohivyo."

"Nataka kile cha kilimo, na wanaangalia Hesabu. Unaweza kunifundisha?"

Mimi Hesabu nilifeli kuliko yeye. Nilimwambia ukweli huo.

"Basi nitafutie anayejua."

Nilimtafutia. Malolo kuna mwalimu mstaafu aliyefundisha Hesabu maisha yake yote, mzee mkavu asiyependa mazungumzo, na alikubali kwa sharti kwamba mwanafunzi asichelewe. Ni mbali kutoka kwake, lakini ameazimwa baiskeli na shemeji yake. Mumewe bado ananipigia Jumapili. Anauliza kama nimepata katuni nyingine, ila hiyo awe kijana anayesema mapema. Nimempelekea mbili, moja ameikataa.

Juzi nilikuwa kwenye bodaboda natoka kupeleka kazi ya watu, tukampita rafiki yangu kwenye kilima cha njia ya Malolo. Alikuwa amesimama juu ya pedali, sketi ameifunga kwa kamba isiingie kwenye mnyororo, rula ndefu inachomoza begini. Nilimwita. Aliinua mkono bila kugeuka, akaendelea kukanyaga.